Njia ya Hatua za Gathoni

Mwanarusi Idarous alizaliwa Majengo, mjini Thika. Wazee wa huko bado wanamkumbuka kama yule msichana aliyezungusha mahamri ya mamake nyumba hadi nyumba alfajiri, kisha akaingia darasani mikono ikinukia iliki. Babake alikuwa mtu wa pwani aliyekuja bara kuendesha lori za kahawa na hakurudi tena. Mamake, Bi Hayat, alizaliwa papo hapo Majengo, baba Mmanyema na mama Mkikuyu. Ukimuuliza Mwanarusi kabila lake alikuwa akicheka na kusema kwamba yeye ni wa Majengo, na kama hujui Majengo ni wapi, basi hiyo ni shida yako.

Alisomea ualimu, akapelekwa huku na kule, na mwanzoni mwa miaka ya tisini akaletwa Ruiru, katika shule ya msingi iliyokaa juu ya mteremko upande wa Mugutha. Alikuwa amepita miaka arobaini, hana mume wala mtoto, na watu walikuwa wameshachoka kumuuliza kwa nini. Alikodi chumba karibu na shule. Kila Jumamosi alipanda gari kwenda Thika kumtazama mamake, akafua nguo zake, akapika, wakakaa wakizungumza mpaka alasiri, akarudi. Wanafunzi walimwita Mwalimu Rusi, ingawa nusu yao ndimi ziliwateleza na kumwita Mwalimu Lusi. Hakuwasahihisha. Alisema jina lake limepata pacha.

Siku hizo mashamba ya kahawa ya pale yalikuwa yanakatwa vipande na kuuzwa ploti. Nyumba zilikuja mbele, barabara zikaahidiwa nyuma. Leo unaona mibuni, mwezi ujao unaona mabati, na baada ya mwaka pana kioski, kinyozi na kanisa. Kati ya zile nyumba mpya za bondeni na shule palipita kijito kisicho na jina, chembamba wakati wa kiangazi, kinene na cheusi wakati wa mvua. Hapakuwa na daraja. Watu wazima walikiruka. Watoto walivua viatu, wakapita kwenye tope la udongo mweusi ule unaonata kama ugali mbichi, wakafika shuleni wamelowa hadi magotini.

Mwaka wa tisini na sita Mwanarusi alipewa darasa la pili. Siku moja katika somo la sanaa na ufundi aliwaambia watoto wachore njia wanayopita kutoka nyumbani mpaka shule. Wengi walichora nyumba, jua lenye miale na shule yenye bendera. Becky, msichana mwembamba asiyenyamaza hata akiumwa na meno, alichora mbwa, shimo la choo lililoachwa wazi, kijito, na mtoto amesimama mlangoni.

"Huyu ni nani?" Mwanarusi akauliza.

"Ni Gathoni. Huyo hatokangi."

"Kwa nini hatoki?"

"Mguu wake ni mgonjwa. Alikuja shule ile siku ya kwanza, akaanguka kwa maji. Hajarudi tena, Mwalimu. Sisi hupita tunampungia mkono."

Mwanarusi alikumbuka jina hilo. Alikuwa amelisoma kwenye rejista kila asubuhi majuma yale ya mwanzo wa mwaka, halafu akadhani mtoto amehamia kwingine, kama wengi walivyohama siku hizo. Jioni alimshika Becky mkono wakateremka pamoja.

Walimkuta Gathoni ameketi juu ya mtungi uliopinduliwa, anachambua maharagwe. Alikuwa na miaka tisa, uso wa mviringo na macho ya mtu anayesikiliza. Mguu wake wa kushoto ulikuwa mwembamba kama mchi. Homa ya utotoni iliupooza kabla hajajua kutembea sawasawa. Aliinuka kumsalimu mwalimu, na Mwanarusi akaona jinsi anavyokwenda: anaweka kiganja juu ya goti la kushoto, analisukuma nyuma ili lisikunjike, anahamisha mwili, halafu mguu wa kulia unafuata. Hatua fupi, moja baada ya nyingine, bila haraka wala kusitasita.

Bibi yake, Shosho Wangeci, alitoka jikoni akipangusa mikono kwenye leso. Mamake Gathoni alifanya kazi kwenye shamba la maua upande wa Thika na alikuja mwisho wa mwezi tu. Mtoto alikuwa wa shosho.

"Mwalimu, usidhani mimi nimekataa shule," Shosho Wangeci alisema baada ya salamu na chai. "Mimi sikatai shule. Mimi nakataa ile maji. Hapo mwanzo nilimbeba kwa mgongo. Lakini yeye amekua na mimi nimerudi chini. Siku ile tulianguka sisi wawili. Nikasema, basi. Afadhali awe mjinga na awe mzima."

 Mwanarusi alimwangalia Gathoni, na Gathoni alikuwa anaangalia maharagwe.

Kesho yake asubuhi Mwanarusi alishuka, akachuchumaa mbele ya mlango, akamwambia mtoto apande mgongoni. Akamvusha hivyo, buibui lake limekunjwa kiunoni na viatu mkononi. Akafanya hivyo siku iliyofuata, na nyingine. Watoto waliokuwa wakivuka walisimama kando wakitazama. Ijumaa, walipofika ng'ambo, Gathoni aliteremka, akaweka mkono gotini, akasema bila kuinua macho, "Mwalimu, asante. Lakini mimi si mtoto mchanga."

"Hupendi nikubebe?"

"Nataka kuja mwenyewe. Hapa kwa kavu naweza kutembea mbali sana. Ni pale tu."

Jumamosi ile, Thika, Mwanarusi alimweleza mamake habari hii. Bi Hayat alikuwa amelala ubavu kwenye mkeka, miguu yake imevimba kama kawaida ya siku hizo. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Sasa wewe unaniuliza nini?" akasema. "Mtoto ameshakwambia. Yeye hana shida na miguu, ana shida na njia."

Alhamisi saa ya ufundi Mwanarusi aliwatoa watoto wa darasa la pili wakashuka kijitoni. Aliwaambia wazi: Gathoni anataka kuja shuleni kwa miguu yake, kijito hakimruhusu, wao ndio wanaopita hapa kila siku, je, wanaonaje? Vidole vikapaa juu. Mmoja alisema wajenge daraja la chuma. Mwingine alisema wamnunulie farasi. Becky hakuinua kidole. Alikuwa amevua sweta lake na kulifunga mikono kwenye goti la kushoto, likakaza.

"Unafanya nini, Becky?"

"Nataka kujua anasikia aje."

Mara wote wakafunga magoti, kwa masweta, kwa soksi, kwa mikanda. Walikwenda wakichechemea, wakaanguka, wakacheka mpaka wakashika mbavu. Gathoni alikuwa amekaa ukingoni. Kwa muda alitazama tu. Halafu Mwanarusi akamwona midomo ikicheza.

"Si hivyo," Gathoni akasema kwa sauti. "Nyinyi mnaruka. Mimi siruki. Hebu tokeni niwaonyeshe."

Akainuka. Akashuka pale ukingo ulipokuwa hauna mwinuko mkali, akakanyaga jiwe moja lililokuwa limejitokeza, akatafuta lingine kwa macho. Halikuwepo. Watoto waliacha kucheka. Waliona hasa pale ambapo jiwe la pili lingepaswa kuwa, kana kwamba limechorwa hewani. Becky akakimbia akaleta kamba ya katani iliyofungiwa mbuzi wa mtu, wakapima hatua ya Gathoni kutoka kisigino hadi kisigino, wakaifunga kamba fundo. Hiyo ndiyo ikawa rula yao.

Mawe yalipatikana kwa Kaleli, baba wa mmoja wao, fundi aliyechonga mawe kwenye machimbo ya upande wa Juja. Mapande yaliyovunjika vibaya hayakuwa na mnunuzi, na mwenye machimbo aliruhusu yabebwe. Kaleli alileta mkokoteni umejaa, akaonyesha watoto namna ya kulaza jiwe lisitikisike. Lakini waliyoyaweka kwanza yote yalizama. Chini hapakuwa na ardhi ya kukamata. Palikuwa na taka: mifuko ya nailoni, vibuyu vya plastiki vya mafuta, nguo mbovu, maganda ya kila aina, tabaka juu ya tabaka. Maji yalikuwa yamepanuka kuwa kinamasi kwa sababu hayakuwa na pa kupita.

"Hizi takataka zimetoka wapi?" Mwanarusi aliuliza.

Watoto walitazamana. Mmoja akaokota mfuko wa unga, akasema polepole, "Hii ni yetu."

Basi ikabidi waanze na taka. Walizozitoa walizitenga kwa mafungu: zinazooza upande huu, zisizooza upande ule. Zinazooza zilitiwa kwenye shimo nyuma ya shule, na baada ya miezi zikawa mboji nyeusi inayomeguka mkononi. Humo walipanda miche ya miringa, miti ya kivuli, waliyopewa na mwalimu mmoja wa chuo cha Juja, na kingoni mwa kijito wakapanda nyasi za nepia zishike udongo. Nyumbani napo hapakukalika. Mama aliyeinua ndoo ya taka aende kuimwaga kijitoni alimkuta mtoto wake amesimama mlangoni anamwuliza, "Mama, unapeleka wapi?"

Si kila mtu aliyefurahi. Benta, aliyeuza omena na mboga njia panda, alipanda shuleni asubuhi moja akiwa ameshika sare ya binti yake iliyojaa tope na kuingia nayo moja kwa moja ofisini kwa mwalimu mkuu, Bwana Kagwe.

"Mimi nalipa shule ili mtoto asome," alisema. "Kama ni kuzoa taka, hiyo kazi iko hata nyumbani. Na hii nguo naosha kwa mikono yangu, Bwana Kagwe, si kwa mikono ya huyo mwalimu."

Kagwe alikuwa mtu wa haki lakini mwoga wa lawama. Alimwita Mwanarusi.

"Mwalimu, kwa silabasi hii yako naisoma, sioni kijito."

"Sanaa na ufundi imo, bwana. Sayansi na kilimo imo. Hata hesabu, wamepima."

"Na mtihani?"

"Hawa ni darasa la pili, Bwana Kagwe. Mtihani utawakuta wakiwa hai au utawakuta wamezama?"

Kagwe alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Alikuwa ameona watoto wakifika wamelowa miaka yote hiyo na kazi yake ilikuwa kuwachapa wakichelewa. Akasema Alhamisi tu, saa ile moja tu, na wavae nguo kuukuu. Mwanarusi alishukuru, akaenda njia panda akanunua omena kwa Benta na kumwomba radhi kwa ile sare. Benta alimpimia samaki vizuri, akaongeza kiganja kimoja, lakini hakutabasamu.

Iliwachukua muda mrefu, kwa vile saa moja kwa wiki si kitu. Mwaka ulikwisha, watoto wakaenda darasa la tatu na Mwanarusi akaomba apande nao. Wakati wa mvua walisubiri. Katikati ya mwaka wa tisini na saba mawe yalikuwa yamelala kutoka ukingo hadi ukingo, na kupanda mteremko hadi lango la shule, bapa, yamekaa imara, kila moja mbali na mwenzake kwa urefu wa hatua ya Gathoni.

Asubuhi ya kwanza Shosho Wangeci alimsindikiza hadi ukingoni na kusimama amejishika kifua. Watoto walikuwa wamejipanga ng'ambo. Mwanarusi alikuwa amewakataza kumsaidia na kumpigia makofi. Gathoni aliweka kiganja gotini. Jiwe. Jiwe. Katikati ya kijito alisimama, na kila mtu akavuta pumzi. Kumbe alikuwa anatazama maji yanavyopita chini yake, maana hakuwahi kuyaona akiwa amesimama. Kisha akaendelea, akafika, akampita mwalimu wake kama vile hajamwona, akapanda mteremko hadi darasani na kukaa kwenye dawati la mbele. Mwanarusi alibaki nyuma kidogo kutengeneza mtandio uliokuwa hauna kasoro.

Watu wazima walilalamika kwamba mawe yamebanana. Wanaume wenye haraka ya kwenda kazini walijaribu kuruka mawili mawili, wakaona hayaendi sawa na miguu yao, wakatukana chini kwa chini. Lakini baada ya majuma machache kila mmoja alikuwa amejifunza kupunguza mwendo pale. Wajawazito walipita, na mama mwenye mtungi kichwani, na mzee wa fimbo. Benta mwenyewe alipita na beseni lake la mboga limejaa hadi juu bila kuliinamishia shingo. Alipokutana na Mwanarusi katikati ya njia, ilibidi mmoja asimame mwenzake apite, nao wakasimama wote wawili kila mmoja akimwambia mwenziwe pita, mpaka Benta akashindwa kujizuia kucheka.

Mvua zile kubwa za mwisho wa mwaka huo kila mtu wa rika lile anazikumbuka. Zilianza Oktoba na hazikujua kuacha. Kijito kikawa mto. Kilibeba nepia, kilibeba miche, kilibeba mawe ambayo watu wawili walikuwa wakiyainua kwa shida. Asubuhi moja Gathoni alifika ukingoni na hakukuta kitu isipokuwa maji ya rangi ya chai ya maziwa. Alirudi nyumbani, akaketi juu ya mtungi.

Juma hilohilo ujumbe ulimfikia Mwanarusi kwamba Bi Hayat amezidiwa. Alikwenda Thika katikati ya mvua na hakurudi. Alimuuguza mamake chumbani mle alimozaliwa yeye, akimlisha uji kwa kijiko na kumgeuza ubavu. Bi Hayat alikuwa na fahamu zake mpaka mwisho. Siku moja aliuliza, "Yule mtoto wako wa mguu anaendeleaje?"

Mwanarusi alitaka kumdanganya, akashindwa. "Njia imechukuliwa na maji, mama. Yote. Yuko nyumbani."

 "Maskini," Bi Hayat akasema. "Sasa anajua alichonyimwa." Akaomba maji.

Alifariki adhuhuri, mvua ikinyesha, akazikwa siku ileile baada ya alasiri. Mwanarusi alibaki Majengo. Shule zilikuwa zimekaribia kufungwa na ruhusa alikuwa nayo. Alikaa kwenye mkeka wa mamake, watu wakiingia na kutoka, na katika fikra zake akaanza kuhama. Angeomba uhamisho arudi Thika. Nyumba ilikuwepo. Ruiru alikuwa ameacha nini? Chumba cha kukodi na mawe yaliyozama. Alihisi amemtendea Gathoni ubaya: amemwonyesha mlango, kisha mlango ukafungwa.

Siku ya tatu ya matanga, wakati wanawake wanasafisha mchele uani, mtoto wa jirani aliingia mbio akisema kuna watu wa shule nje. Mwanarusi alitoka na kanga kichwani. Mlangoni alisimama Bwana Kagwe na mwavuli, nyuma yake Kaleli na Benta, na mbele yao watoto wanane au tisa wa darasa la tatu katika sare safi. Becky, kwa mara ya kwanza tangu Mwanarusi amjue, hakuwa na la kusema. Gathoni alikuwa na mkono wake gotini, viatu vimejaa tope.

"Pole sana, Mwalimu," Kagwe alisema. "Tumekuja kukuona."

 Mwanarusi alikuwa anamtazama Gathoni. "Umepitaje? Nani amekuvusha?"

"Mzee Kaleli ameweka mbao," Gathoni alisema. "Zinatikisika. Nimepita nimekaa."

"Umekaa?"

"Nimekaa chini nikajisukuma. Mpaka ng'ambo." Akatazama chini, akatoa kitu kutoka mfuko wa sweta lake, kamba ya katani iliyofungwa fundo, imechakaa na kuwa nyeusi. "Tumeanza tena, Mwalimu. Lakini hii sasa ni fupi. Nimekuwa mrefu."

Mwanarusi alikaa chini palepale kizingitini. Hakuwa amelia tangu mazishi, kwa sababu kulikuwa na wageni na mambo ya kuangalia. Sasa alilia kama watoto wanavyolia, mdomo wazi, na Benta akaja akaketi ubavuni mwake kwenye kizingiti chenye unyevu wa mvua na kumshika bega. Wanawake wa ndani waliwaingiza watoto na kuwapa mahamri na chai. Becky alipata sauti yake kwenye hamri la pili.

Mwanarusi alirudi Ruiru baada ya arobaini. Hakuandika barua ya uhamisho. Nyumba ya Majengo alimwachia binamu yake akae na wanawe.

Alikuta mambo yamebadilika kidogo. Mvua zile zilikuwa zimeharibu sehemu nyingi za mji, na baraza la mji lilikuwa limemtuma fundi wake wa barabara, kijana aliyeitwa Muriithi, azunguke kuangalia. Kagwe, yule mwoga wa lawama, alikuwa amekwenda ofisini kwao mara kwa mara na kukaa kwenye benchi mpaka wakamchoka. Muriithi alikuja Alhamisi akiwa na buti za mpira. Alitarajia kuongea na mwalimu mkuu. Kagwe alimpeleka kwa watoto.

"Maji yalifika wapi?" Muriithi aliwauliza.

Wakamwonyesha matawi ya mti yaliyokuwa bado yamening'iniza nailoni, juu ya kichwa chake. Aliinua macho akapiga mluzi. Akauliza upande gani yalikuja kwa nguvu, na wapi yalizunguka polepole, na wapi bata wa shosho fulani walipenda kukaa. Kila swali lilikuwa na majibu kumi. Alichora kwa kijiti ardhini, wakamfuta, akachora tena. Mwishowe alisema mawe peke yake hayatoshi, panataka mabomba makubwa ya saruji chini na njia juu yake, na akawaeleza kwa nini, kwa kumimina maji ya ndoo kwenye mfano wa tope mpaka wote wakaelewa. Baraza lilikuwa na mabomba mawili yaliyobaki kutoka kazi nyingine. Angejaribu kuyaomba.

"Lakini ngazi za kupanda kule juu," Becky alimwambia, "lazima zipimwe na Gathoni."

Muriithi alikuwa na kipimo chake cha ngazi alichofundishwa. Alisimama akamtazama Gathoni akipanda ule mteremko na kushuka, mara mbili, mkono gotini. Kisha akakunja tepu yake, akaitia mfukoni.

"Leteni kamba yenu," alisema.

Kazi ilikwisha kabla ya mvua za mwaka wa tisini na nane. Kaleli na mafundi wenzake walijenga Jumapili baada ya kanisa, Benta akapika githeri, mahindi na maharagwe, kwenye sufuria la kukopa, watoto wakabeba maji na kupanda nepia upya. Miche ya miringa iliyopona mafuriko ilikuwa mitatu tu. Mingine haikurudi, na mmoja wa wazazi, mwenye kioski, aliendelea kumwaga taka zake kijitoni usiku mpaka alipohama. Hayo nayo yalikuwepo. Hata hivyo mvua za Aprili zilipokuja maji yalipita chini, watu wakapita juu. Muriithi alipotakiwa na wakubwa wake kuchagua mahali pa kuweka mashimo ya taka ya soko, alirudi tena kwa darasa la nne, na mwaka uliofuata shule nyingine mbili za Ruiru zilikuwa na saa yao ya Alhamisi.

Siku ya kufunga muhula, mwaka huohuo wa tisini na nane, wazazi walialikwa. Mwanarusi alikuwa amesimama karibu na lango akipokea wageni alipoona watu wawili wanapanda kutoka bondeni. Mmoja alikuwa Shosho Wangeci, amevaa gauni la kanisani na kofia ya sufu, aliyekuwa hajavuka kijito kile tangu siku waliyoanguka pamoja. Magoti yake hayakuwa yanamsikia tena. Alikuwa ameshika bega la Gathoni, na Gathoni alikuwa mbele yake nusu hatua, mkono mmoja gotini kwake, mwingine umeshika vidole vya bibi yake.

"Hapa, shosho," alikuwa anamwambia. "Ngoja kwanza. Sasa hapa."

Walipanda hivyo, taratibu, na watu waliokuwa nyuma yao njiani, wanaume wenye makoti na akina mama wenye watoto mgongoni, wote walipunguza mwendo na kuwafuata bila mtu kumwambia mwenzake aharakishe. Mwanarusi aliacha lango, akateremka kuwapokea.